Lebo Hubandikwa Baada ya Damu

Hivi wewe, ukiambiwa umtoe mtu damu ya vipimo vitano, utaanza na kichupa cha rangi gani? Usione haya kama hujui. Mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipotimiza miaka sitini na tisa. Unaanza na bluu. Kisha nyekundu, kijani, zambarau, na mwisho kijivu. Kila kichupa kina dawa yake ndani, nyingine kama vumbi la chaki, nyingine kama tone la maji, na ukivuruga mpangilio, dawa ya huku inaingia kule na vipimo vinasema uongo. Ukishajaza unakipindua kichupa polepole, mara nane. Hukitikisi kama chupa ya dawa ya kikohozi. Halafu mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yako unamuuliza jina, alitaje kwa kinywa chake mwenyewe, ndipo unabandika lebo. Si kabla. Baada.

Yote haya nimeyatoa kwenye kitabu cha mjukuu wangu, na mimi niliishia darasa la saba.

Mjukuu mwenyewe ni mtoto wa binti yangu. Tulimwita Sisimizi tangu ana miaka minne, kwa sababu alikuwa hapiti mahali mikono mitupu, lazima abebe kitu, hata kijiti. Mama yake aliolewa tena mbali, akaniachia. Nikamlea kwa cherehani yangu, akasoma, akaingia chuo cha maabara, akamaliza, akapata kazi hospitali ya hapa karibu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Ila alipata kwa kibali cha muda. Hapo kwenye kibali ndipo palipolala kisa chote, kwa hiyo niache nieleze. Mtu wa maabara akitoka chuoni hufanya kazi kwa kibali mpaka afaulu mtihani wa baraza lao. Anaruhusiwa kujaribu mara tatu. Akifaulu anapewa leseni, na kazi inakuwa yake. Akianguka mara ya tatu, kibali kinakufa na kazi inazikwa nacho.

Sisimizi alikuwa ameshaanguka mara mbili. Mara ya kwanza aliangushwa na karatasi ya maswali. Mara ya pili alipungukiwa alama mbili. Mbili tu, mwenzangu, kama vifungo viwili vya shati.

Ilipobaki miezi minne kufika mtihani wa tatu, nilimwambia, safari hii tutasoma wote. Alinitazama akacheka, akaniuliza nitasomaje vitu vile. Nikamjibu kwamba sisomi ili nielewe, nasoma ili yeye ajibu. Nikakata maboksi ya sabuni nikapata kadi mia mbili na kumi. Upande mmoja nikanakili swali, upande wa pili jibu, kwa mwandiko wangu wa shule, herufi zimesimama kama wanafunzi mstarini. Maneno mengine yalikuwa marefu mpaka nikiyafika katikati nasahau nimeanzia wapi. Nilikuwa nayakatakata vipande, natafuna kimoja kimoja.

Tukawa tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Mimi naamka kwanza, nachemsha maji, naweka vikombe viwili, nafuta meza, nakunja kitambaa cha cherehani. Kisha namgusa bega. Hakuwahi kunisumbua kuamka. Anafungua macho, anakaa, ananiambia shikamoo bibi, anakuja mezani na shuka lake mabegani. Tunasoma mpaka saa kumi na mbili na nusu. Kadi anayojibu vizuri naiweka kulia, anayokosea naiweka kushoto, na kesho yake tunaanza na za kushoto.

Kwa mazoezi ya mikono nilimpa nyuzi zangu za cherehani, rangi zilezile tano. Mkono wangu ndio ulikuwa mkono wa mgonjwa. Ananifunga mpira juu ya kiwiko, anapapasa mshipa, anajifanya anachoma, anazigusa nyuzi kwa mpangilio. Kisha ananiuliza jina langu kamili. Namtajia. Ananiuliza nilizaliwa lini. Namwambia hilo hata mama yangu alikuwa anakadiria. Tunacheka kidogo, anabandika vikaratasi.

Siku hizo za mwanzo tulicheka. Nalisema ili usije ukadhani nyumba yetu ilikuwa ya kilio toka asubuhi.

Shida ilianzia kazini. Mimi huenda hospitali hiyohiyo kupima sukari kila mwezi, kwa hiyo ninayosema nimeyaona kwa macho yangu. Maabara ni chumba kirefu chenye dirisha la kioo lenye tundu la kupitishia fomu. Nje kuna benchi la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa. Wagonjwa wanakaa kwa mpangilio wa namba. Wa kwanza akiingia, wote wanasogea, kama shanga kwenye uzi. Ndani kuna viti viwili vya kutolea damu. Kimoja cha Sisimizi, kingine cha kijana mmoja mwenye leseni wanayemwita Mashine. Na kweli ni mashine. Asubuhi anachukua fomu zote, anabandika lebo kwenye vichupa vyote kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, anavipanga kwenye kishikio kwa mpangilio wa benchi. Basi kazi yake inabaki kusema anayefuata, kuchoma, kujaza, anayefuata. Hadi saa sita anakuwa amemaliza watu arobaini.

Sisimizi alikuwa anafanya kama kitabu. Mgonjwa anaingia, anamsalimu, anamuuliza jina, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa. Anatoa damu. Anauliza tena. Anabandika lebo moja moja, anazisoma, anazilinganisha na fomu. Na alikuwa amechoka, tusifichane. Mtu anayeamka saa kumi na moja kila siku, mikono yake inakuwa kama imevaa glavu juu ya glavu. Siku moja nikiwa kwenye benchi nilimwona amesimama na kichupa mkononi, anakitazama, midomo inatembea. Nilijua anachofanya. Alikuwa anajibu kadi. Jirani yangu kwenye benchi akasema huyu binti mbona anaongea na chupa, leo tutalala hapa. Sikumwambia ni wangu. Nalikiri hilo.

Mashine alikuwa anamtania kwa sauti wagonjwa wasikie. "Sisimizi, jina la baba, siku ya kuzaliwa, unatoa damu au unaposa?" Benchi zima linacheka. Si mtu mbaya yule. Siku nyingine alikuwa anamsaidia foleni yake. Lakini kicheko cha watu wenye njaa na namba mkononi si kicheko cha kuchekwa nacho.

Hadi saa sita, mjukuu wangu alikuwa amemaliza watu ishirini na wawili. Mkuu wa maabara, mama mmoja mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, alihesabu wiki tatu mfululizo. Kisha akampa barua. Niliisoma. Iliandikwa kwamba kasi yake hairidhishi, kwamba anatumia muda mwingi kwa kila mgonjwa, na kwamba ana miezi mitatu ya kujirekebisha. Sisimizi alijitetea kwamba anafuata kitabu, kwa sababu anajiandaa na mtihani. Mkuu hakumgombeza. Alimjibu maneno ambayo mtoto aliyarudia kwangu mara nyingi mpaka nikayashika kama ya kwangu: "Mtihani ni siku moja, binti yangu. Benchi hili linajaa kila siku."

Tulikaa mezani na ile barua. Nikamwuliza anaonaje. Akasema hajui. Nikamwambia afanye kazini kama wanavyofanya wenzake, na nyumbani tufanye kama kitabu. Kazini ni kazini, mtihani ni mtihani. Niliona nimesema jambo la busara. Nikaongeza kwamba mvumilivu hula mbivu.

"Na mwingine hula mbovu, bibi," akasema, akaenda kuoga.

Tangu siku hiyo akaanza kubandika lebo asubuhi kama Mashine. Anawahi kufika, anapanga vichupa, anasema anayefuata. Wiki ya kwanza watu thelathini. Ya tatu, thelathini na nane. Mkuu akampitia mezani akamgusa bega. Mashine akamnunulia soda, akasema sasa umekuwa mtu. Na mimi nyumbani nikaona kadi za kushoto zinapungua, zikawa sitini, zikawa arobaini na moja. Alikuwa amekonda, anakula amesimama, nywele kazikata kabisa kwa sababu hana muda wa kusuka. Lakini nikasema moyoni, mlima tunauona kilele.

Sasa sikiliza kilichotokea. Siku ya Jumanne kwenye benchi kulikuwa na mama mjamzito, na nyuma yake mama mmoja wa umri wa makamo. Mjamzito akashikwa na kichefuchefu, akatoka kwenda kutapika nje. Aliporudi zamu yake ilikuwa imefika, lakini kwa vile alikuwa bado anatweta, akamwambia yule wa nyuma pita tu mama, mimi nitafuata. Wakabadilishana. Jambo la adabu kabisa, mimi na wewe tungefanya vilevile. Ila vichupa havikubadilishana. Sisimizi alisema anayefuata, akachukua vichupa vinavyofuata, akachoma. Damu ya yule mama ikaingia kwenye vichupa vya mjamzito, na ya mjamzito kwenye vya yule mama.

Majibu yalipotoka, mjamzito aliambiwa damu yake ni tele, arudi nyumbani. Yule mwingine aliambiwa amepungukiwa, alazwe aongezwe damu. Mungu alisimama, kwa sababu wanaotunza damu ya kuongezea huwa hawaamini mtu; walimtoa damu upya kulinganisha kundi, makundi yakakataana. Wakafuatilia mpaka wakafika kwenye kiti cha mjukuu wangu. Mjamzito ikabidi atafutwe kwake. Damu yake kweli ilikuwa chini mno. Alilazwa, akapona, na mtoto akabaki salama tumboni.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Hakumtambua mgonjwa kwa jina. Alibandika lebo kabla ya kutoa damu.

Niliziweka barua zote mbili mezani, moja kando ya nyingine, nikazisoma tena na tena nikifuata kwa kidole. Ya kwanza ilimshtaki kwa kuuliza majina. Ya pili ilimshtaki kwa kutouliza. Nikasema nitaenda mwenyewe kwa huyo mkuu. Sisimizi akanikataza. Akasema mkuu ameshazungumza naye, tena machozi yakimlengalenga, na kwamba Mashine alijitokeza kusema wote tunabandika asubuhi, akaambiwa ajibu atakapoulizwa. Mkuu alisema hivi: wakubwa wanataka aondolewe sasa hivi. Yeye amewaomba wasubiri mtihani, ambao ulikuwa umebakiza siku kumi na tisa. Akifaulu atakuwa na la kuwaambia, kwamba binti ni mtaalamu mwenye leseni, aliteleza mara moja. Asipofaulu, hana la kusema.

Kwa hiyo kila kitu kilibaki kwenye uzi mmoja.

Kwa siku hizo kumi na tisa tuliamka saa kumi na nusu. Hadi kwenye kiti chake cha kazi alirudi kufuata kitabu, lakini watu waliongezeka, na Mashine alikuwa amepewa likizo, kwa hiyo kiti kilikuwa kimoja na benchi lilifika mpaka mlangoni. Siku za namna hiyo, aliniambia, alikuwa anaanza vizuri na wagonjwa kumi wa kwanza, kisha mikono inajiendea yenyewe. Anashtuka lebo imeshabandikwa. Anaibandua, anaanza upya. Nilimwambia asijali, nyumbani hakosei. Na kweli hakosei. Kwenye mkono wangu na nyuzi zangu alifanya sawasawa mara zote. Kadi za kushoto zilibaki tisa. Usiku wa kuamkia mtihani zilikuwa nne.

Mtihani ulikuwa wa siku mbili, siku ya maswali na siku ya vitendo. Nilimsindikiza mpaka kituoni siku zote mbili. Ya kwanza alirudi uso umetulia, akasema maswali mengi ni ya kwenye kadi, mengine alikuwa anauona mpaka mwandiko wangu. Ya pili alirudi mapema. Nikamwuliza vipi. Akasema, "Nimemaliza." Nikamwuliza ilikuwaje. Akasema ilikuwa kama mitihani mingine. Nikashukuru Mungu, nikampa maji ya kuoga.

Majibu yangechukua wiki sita. Nikamwambia tusiache kabisa, tukiacha atasahau, na kazi bado inahitaji. Akasema sawa. Kwa hiyo kila alfajiri nikaendelea kuchemsha maji, kuweka vikombe viwili, kumgusa bega. Alijibu kadi zote, hata zile nne. Nilizihamishia zote kulia. Siku hiyo nilipiga makofi peke yangu kama mtoto. Alinitazama, akavuta shuka mabegani, akaniambia asante bibi.

Majibu yalikuja kwenye simu mchana wa Alhamisi, yeye akiwa kazini. Saa nane nilimwona anaingia lango, koti lake jeupe limo kwenye mfuko wa plastiki, limekunjwa vizuri, na mkono wa pili kabeba kikombe chake cha chai cha kazini. Nilikuwa barazani natia vifungo shati la mteja. Alikaa kwenye ngazi chini yangu, akanipa simu. Niliisoma. Karatasi ya maswali alipata themanini na moja, amefaulu. Vitendo, hakufaulu. Chini imeandikwa hatua ya lazima imekiukwa. Na chini kabisa, nafasi zimekwisha.

Nilimwuliza hatua gani.

Alinieleza bila haraka, anaangalia uani. Ukumbi ulikuwa na meza, na juu ya kila meza mkono wa mpira wa kuchoma, vichupa vitano, na karatasi ya lebo zilizokwisha kuchapwa jina. Msimamizi alikuwa mzee mwenye kalamu nyekundu, na ndiye aliyejibu kama mgonjwa. Kengele ikalia. Kabla Sisimizi hajasema hata habari, mikono yake ilibandua lebo ya kwanza ikabandika kwenye kichupa cha bluu, ya pili kwenye chekundu, mpaka kijivu, safi, zimenyooka, kwa kasi ambayo Mashine angejivunia. Ndipo akaona. Msimamizi aliandika neno moja, akamwambia endelea tu. Akaendelea. Akauliza jina, akafunga mpira, akachoma mara moja, akajaza kwa mpangilio, akapindua mara nane kila kimoja. Alifanya vizuri mno, akaniambia, kwa sababu alikuwa ameshajua kwamba haina maana.

Nikahesabu kimya. Wiki sita. Alikuwa amejua siku zote hizo, na kila alfajiri ameamka.

Unajua mimi sina tabia ya kulia mbele ya mtoto. Niliweka shati pembeni, nikaingia ndani, nikatoka na boksi la kadi. Nikamwambia mlango mmoja ukifungwa hatukai kizingitini. Nimesikia kuna kuliandikia baraza lao barua kuomba nafasi ya nne, wapo waliopewa. Mwandiko wangu si mbaya, nitaandika mimi. Na kama watakataa, kuna kurudi chuoni mwaka mmoja na kuanza upya, naye bado mdogo, ishirini na sita si umri. Kadi zote tunazo. Tutakachoongeza ni mikono, tufanye lebo peke yake, asubuhi na jioni, mpaka mikono nayo isome. Niliyasema yote hayo huku nazipanga kadi upya, kwa sababu zilikuwa zote upande mmoja, nikaona nizigawe ili kesho tupate pa kuanzia.

Alinyoosha mkono akaushika wa kwangu, pale nilipokuwa nimeshika kadi. Si kwa nguvu. Kama anavyoshika mkono wa mgonjwa kabla ya kumfunga mpira.

"Bibi," akasema, "nikuambie kitu, usikasirike."

Nikamwambia sema.

"Kila alfajiri uliponigusa bega nilikuwa tayari macho. Nilikuwa nimelala nakusikiliza unachemsha maji, naomba leo ipite bila wewe kuja. Uone baridi, uone usingizi, useme mjukuu wangu, basi, inatosha, kazi zipo nyingi. Mimi nisingeweza kulisema, na wewe umeandika kadi mia mbili na kumi." Akazitazama kadi mkononi mwangu. "Mimi nilikuwa nataka uchoke, bibi. Ndicho nilichokuwa nataka. Uchoke kabla yangu."